Wingu Lenye Majina Mawili

Hosiana alikuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vipuri mjini Karatu. Yeye na Metui, mchoraji mzaliwa wa Kakesio, kijiji cha wafugaji, walikuwa wakitengeneza picha ya ukungu unaoshuka ndani ya kreta, kwa ajili ya tovuti ya lodji moja ya watalii. Hosiana aliandika kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, kisha programu aliyoitunga mwenyewe ikaigeuza kuwa shader, yaani maelekezo ya kadi ya michoro.

Kwenye JavaScript ukungu ulitiririka. Kwenye shader uliganda.

"Labda kadi imechoka, dada," Metui alisema.

"Kadi inafanya ilichoambiwa. Nataka kujua imeambiwa nini."

Akayafungua maelekezo yaliyotolewa na programu yake, akayasoma polepole mpaka akafika mahali wingu la ukungu lilipopewa jina la pili ili lisogezwe.

"Metui, ng'ombe wenu mkimwita kwa majina mawili, mna ng'ombe wangapi?"

"Mmoja, bwana!"

"JavaScript nayo inasema mmoja. Shader ikisikia jina la pili, inaunda wingu la pili. Tumesogeza nakala, halafu tunachora lile la mwanzo!"

Aliinuka kwa furaha, ingawa bado hakuna kilichokuwa kimetengemaa. Akaielekeza programu yake ichunguze kila jina jipya. Likibeba namba tupu, inakiliwe. Likiwa ni jina jingine la kitu kilichopo, programu ilifute na kurudisha jina la asili.

Alipoijaribu, ukungu ulimwagika ukingoni. Metui akapiga makofi, kisha akakunja uso.

"Na kama jina linaweza kuwa la wingu hili au lile, kutegemea upepo?"

Hosiana hakuwa amelifikiria hilo. Akaandika mfano mfupi, akauendesha. Programu ikachagua yenyewe, na wingu lisilohusika ndilo likasogea.

"Lo! Hapo kweli programu haiwezi kujua."

"Utaifanyaje?"

 Kukisia kungempa mtumiaji picha ya uongo bila yeye kujua. Hosiana akaamua programu isimame hapo hapo, itoe ujumbe: *Sijui unamaanisha wingu lipi. Taja mwenyewe.*

Metui aliusoma kwa sauti, akacheka. "Imekuwa na adabu kuliko sisi."

Hosiana hakumsikia. Tayari alikuwa akijiuliza itakuwaje kitu kikipitishwa kwenye fanksheni, kipande cha programu ambacho nacho hukipa kitu jina jingine.