Theluthi ya Mvua

Saa tatu kamili asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, Efrazia alitoka na miwani yake na daftari kwenda kusoma kipima mvua. Kilikuwa chupa ya maji iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa juu chini kuwa faneli, na rula ya shule imefungwa ubavuni kwa selotepu. Kilikaa juu ya nguzo katikati ya bustani, mbali na paa na mbali na migomba, kama alivyoelekezwa na mwalimu Lusajo, jirani yake wa ukuta mmoja hapo Visiga.

Jumanne hiyo ya masika maji yalifika milimita thelathini na mbili. Efrazia aliandika, akayamwaga, akarudisha chupa mahali pake. Paa lake lilikuwa na mita za mraba tisini, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hakuna mjadala. Akitoa yanayoruka pembeni na yanayolowesha bati tu, alipaswa kupata lita elfu mbili na mia saba. Tanki alikuwa ameliacha tupu jana yake, baada ya kulisafisha. Akapanda ngazi, akafunua mfuniko, akatumbukiza ufito aliouchora alama. Elfu moja na mia nane.

Alitumbukiza tena, maana ufito nao si wa kuaminiwa. Elfu moja na mia nane.

Efrazia alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kupoteza faili hata moja, kwa sababu alimchukulia kila aliyeingia mlangoni kuwa amekuja kuiba. Hata mabosi aliwasainisha. Tangu mumewe Laurean afariki, tabia hiyo ilikuwa imehamia nyumbani. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita tu. Kabla ya hapo aliondoka alfajiri kwenda kazini Dar na kurudi jioni, na mvua ya miaka yote hiyo ilikuwa imenyesha bila msimamizi.

Sasa msimamizi alikuwapo, na lita mia tisa hazikuonekana.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mwalimu Lusajo. Hoho zake zilikuwa zimenawiri kupita kiasi, na mtu mwenye hoho za namna ile lazima ajieleze. Efrazia alipanda juu ya tofali, akachungulia ukutani.

"Shikamoo mama," alisema Lusajo, ameinama kwenye tuta.

"Marahaba. Mwalimu, hivi hizo hoho unazinywesha nini?"

"Maji, mama."

"Ya wapi?"

Lusajo alikuwa Mnyakyusa mpole anayefundisha fizikia, na swali la namna hiyo halikumkera. Alimwonyesha tanki lake. Paa lake lilikuwa dogo, mvua ilikuwa ileile thelathini na mbili, na lita zake zote zilikuwamo. Kisha akazunguka na kuja upande wa pili, akakagua mifereji ya bati, akagonga bomba la kushushia, akapapasa chini ya tanki kutafuta unyevu. Hakukuwa na pengo wala ufa.

"Imepungua theluthi kamili," alisema.

"Najua."

"Basi kuna mahali inakwenda." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Na karatasi za hati umeshapeleka? Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini. Sisi wengine tumeshamaliza."

"Nitapeleka," alisema Efrazia, akamtazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini aulize hati wakati wanazungumzia maji?

Bahasha yenyewe ilikuwa juu ya kabati tangu Januari. Serikali ya mtaa ilikuwa inakusanya mikataba ya mauziano ili watu wapate hati za viwanja vyao, na nyumba hii ndiyo yote aliyoambulia Efrazia katika maisha ya kazi. Hakuwa na shamba Bukoba, hakuwa na mtoto wa kumkimbilia. Kila wiki alijiambia atapeleka wiki ijayo, mvua ikipungua.

Ijumaa zilinyesha milimita kumi na sita. Zilitarajiwa lita elfu moja mia tatu hamsini zaidi, zikaongezeka mia tisa. Efrazia alifunga koki ya tanki kwa kufuli. Jumapili hakwenda kanisani. Alisimama juu ya ngazi na mwavuli, mfuniko wazi, akayakodolea macho maji yakiingia. Yalipanda vidole vitatu, yakashuka kimoja. Yakapanda vitatu tena, yakashuka kimoja. Hayakuzunguka wala kutoa sauti, yalikuwa yanapungua tu, kama chai kwenye kikombe cha mtu anayekunywa taratibu.

Bustanini ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa na migomba tisa, kila mmoja na beseni lake la udongo la kukingia maji. Mvua ilijaza mabeseni yote tisa, na baada ya nusu saa matatu yalikuwa makavu, udongo mweupe unapeperuka. Si lazima yawe yaleyale. Kipima peke yake hakikuguswa, kwa kuwa maji yake hayakuwa ya matumizi, yalikuwa ya kusomwa na kumwagwa.

Kilichomkera Efrazia si wizi. Wizi aliuelewa. Mwizi anabeba vyote, au anadokoa kidogo ili usijue. Lakini mwizi anayegawa kwa tatu, akachukua moja na kukuachia mbili, tena kwa uaminifu, huyo alimtia hofu. Mara mbili tatu, akiwa anapiga hesabu, kuna jambo lilimjia akilini kuhusu tatu na moja. Akalifukuza. Si kwamba alikuwa amelisahau.

Akanunua pakiti sita za buluu ya kufulia, akazimimina zote kwenye mfereji wa bati mawingu yalipojikusanya. Maji yangekwenda popote yangekwenda na rangi. Mvua ilipokatika alipanda tena juu ya tofali. Tanki la Lusajo lilikuwa na maji meupe. Efrazia alisikitika, maana alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia.

Siku mbili baadaye alikuwa soko la Kwa Mathias kununua mboga, kwa vile yake haikuwa imekomaa. Mwanamke mmoja alikuwa ametandaza mafungu ya matembele kwenye kiroba. Vikonyo vyake vilikuwa vya buluu.

"Haya ya wapi?" aliuliza Efrazia.

"Ya Kisarawe, mama. Ni matamu tu, usiogope rangi. Kwa Bi Mwanajuma, anamwagilia na maji yake yale. Safari hii yamekuja ya buluu, sijui kuna nini huko yanakotoka."

Efrazia hakununua. Alikaa kwenye benchi la kituo mpaka magari matatu ya kwenda mjini yakapita. Jina hilo alilijua, lilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati. Kisha akapanda la nne, akashuka Kiluvya, akachukua bodaboda ya kuingia Kisarawe, wakaulizia kwa Bi Mwanajuma. Njia nzima alishika mkoba kwa mikono miwili, akimtilia shaka dereva, bodaboda na kila aliyewapungia mkono.

Bi Mwanajuma alikuwa uani, anachambua bamia. Alikuwa amempita Efrazia kama miaka kumi, mwembamba, na amejifunga kanga kifuani. Ua wake ulikuwa mkavu, kwani upande ule haikuwa imenyesha wiki nzima. Katikati ya ukavu huo palikuwa na mapipa manne ya lita mia mbili, yote yamejaa pomoni, na pembeni shimo lililotandikwa turubai, nalo na maji. Yote yalikuwa na buluu.

"Shikamoo Bi Mwanajuma."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Visiga?"

"Ndiye mimi."

"Ndiye uliyetia buluu?"

"Ndiye," alisema Efrazia.

"Kanzu ya mume wa binti yangu imetakata mpaka watu wanauliza. Lakini mboga umeniharibia, na chai hainyweki. Usitie tena." Akamsogezea kigoda. "Kaa basi. Jumanne ile ya mvua kubwa nilipata mapipa manne na ndoo tano. Ilikuwa ngapi kwenu?"

"Thelathini na mbili," alisema Efrazia. Mapipa manne na ndoo tano ni lita mia tisa. Alipiga hesabu hiyo bila kupenda.

"Enhe. Inakuja tangu mlipoezeka bati. Zamani nilikuwa na mtungi mmoja tu, mengi yakimwagika. Sasa nimejipanga."

Alisema hayo akiendelea na bamia zake. Shamba lile la Visiga, pale iliposimama nyumba ya Efrazia, lilikuwa la baba yao, na baba alipofariki waliachwa wawili, yeye na kaka yake Kibwana. Wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kibwana aliuza lote. Mwanajuma wakati huo alikuwa amefiwa na mume, yumo ndani, anakaa eda.

"Nilikuwa na miezi miwili tu ndani. Namaliza eda, natoka, nakuta pameshachimbwa msingi. Kibwana, Mungu amrehemu, ananiambia, dada, si uliweka dole mwenyewe? Nikamwambia, nimeweka lini?" Alinyanyua uso. "Eda haikatazi mtu kidole, bibie. Mngeniletea karatasi mlangoni ningewaambia sitaki kuuza, basi."

Efrazia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikumbuka meza ya mjumbe, na Kibwana akisema dada yuko eda, tusubiri miezi miwili. Alimkumbuka Laurean akisema, basi tusubiri, kuna haraka gani. Haraka ilikuwa yake yeye. Mchanga na tofali vilikuwa vimeshalipiwa, lori linamsubiri. Mjumbe alipotoka kwenda kusalimiana na mtu, yeye karani, aliyejua kuliko wote pale maana ya alama ya kidole, alikandamiza dole gumba lake la kushoto juu ya jina la Mwanajuma, akalifuta kwa leso. Laurean alitazama pembeni. Hawakuwahi kulizungumza, hata siku za mwisho, hospitalini.

"Mimi sidai ubomoe nyumba," alisema Bi Mwanajuma. "Mvua naipata. Mvua lakini si ardhi, sina cha kumwachia binti yangu. Nasikia huko mnaandikisha hati. Nataka uende pale mtaani useme lile dole si langu. Neno moja tu. Mengine tutaelewana wawili."

"Nitaangalia," alisema Efrazia.

"Angalia."

Alifungiwa bamia kwenye gazeti. Akashukuru, akaondoka.

Siku nne zilizofuata alishinda ndani. Akimwona Lusajo anasogea ukutani, alifunga dirisha. Alianza kulitilia shaka daftari lake mwenyewe. Kurasa zote zile, kwa mwandiko wake mzuri wa masjala, tarehe kwa tarehe, zilikuwa zinasema moja ya tatu, moja ya tatu, na mtu yeyote mwenye akili angeuliza theluthi ya nani. Mara mbili alivaa viatu kwenda mtaani kusema neno lile. Mara zote mbili alifika getini, akageuka akaitazama nyumba yake, ukuta, migomba tisa, tanki. Angesema, wangemwuliza dole la nani. Angejibu la nani?

Tarehe thelathini alipeleka bahasha kama ilivyokuwa. Afisa aliyepokea alipekua karatasi, akahesabu sahihi na madole, akasema mama, wewe mambo yako yamenyooka, laiti wote wangekuwa hivi.

Kwa mwalimu Lusajo alisema tatizo la tanki limeisha. Lusajo alitazama ufito, akatazama maji, akamtazama yeye. Hakuuliza tena, na tangu siku hiyo salamu zake zikawa fupi. Efrazia alibadilisha kanuni daftarini. Sasa alizidisha mita tisini kwa milimita, akatoa ya kuruka, akagawa kwa tatu na kuhesabu mbili. Ilikuwa inalingana kila siku, hadi lita. Mabeseni matatu yaliyokauka aliyamwagilia kwa ndoo, na maji hayo ya ndoo yalikaa, maana fungu lilikuwa limeshatolewa.

Hati ilitoka mwezi wa nane, ina muhuri na picha yake, na ukubwa wa kiwanja umeandikwa wote, bila pengo. Aliifunga kwenye nailoni akaiweka chini ya godoro.

Vuli ilipoanza alimpigia simu Bi Mwanajuma, ili aandae mapipa mapema yasimwagike ovyo. Ikawa kawaida. Kila siku ya mvua, saa tatu na dakika tano, Efrazia alisimama bustanini na simu sikioni, na Kisarawe wakapokea.

"Shikamoo Bi Mwanajuma. Leo ishirini na moja."

"Marahaba. Nimeona, yanaingia pipa la tatu." Nyuma yake maji yalisikika yakidondoka. "Na lile dole, umeshawaambia?"

Efrazia alikitazama kipima, rula na selotepu yake, kama vile kilikuwa na jambo lingine la kusomwa.

"Ishirini na moja na nusu," alisema.