Mfarishi wa Mama Yake Verlyn

Verlyn Tjaden alikuwa ameuficha mfarishi wa marehemu mama yake kwenye buti la gari, chini ya turubai, chini ya jeki, chini ya mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu, ambao mwezi wa Juni hakuna mwenye akili timamu anayeuhitaji. Mkewe, Arlys, alikuwa amemwambia aupeleke kwenye sanduku la misaada kanisani. Verlyn akasema sawa, akaendesha mpaka kanisani, akalizunguka lile sanduku, akarudi na mfarishi wake nyumbani huku anapiga mluzi. Tangu siku hiyo alikuwa anaishi kama mwizi wa kuku.

Mfarishi wenyewe haukuwa kitu cha kumtia mtu dhambini. Ulikuwa blanketi zito la vipande vya nguo kuukuu, vya kahawia na kijivu, vilivyotolewa kwenye suti za baba yake na mashati ya shambani, vikaunganishwa kwa mkono na kutiwa pamba katikati. Ukijifunika unahisi ndama aliyelowa amekulalia. Lakini Verlyn alikuwa amelala chini yake tangu harusi yao, na hapa duniani hakuwa na fahari nyingine. Mahindi yake yalikuwa mahindi tu, kama ya kila mtu wa Iowa. Mfarishi ulikuwa wa mama.

"Miaka arobaini na kitu," alikuwa akimwambia kila mgeni, hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki, "na hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Siku hizi nani anashona hivyo?"

Kila alipoyasema hayo, Arlys, ambaye alijulikana mji mzima kwa ushonaji wa mifarishi, aliinuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Verlyn hakuwa mtu wa kugundua mambo. Alidhani mkewe anapenda usafi.

Mambo yalianza majira ya kuchipua yale, mezani, pale Arlys alipoweka kikombe chini na kusema, "Nataka mfarishi wangu kitandani kwangu kabla sijafa."

"Si unayo mingi, mama?"

"Nimeshona ya watu. Ya wajukuu, ya maharusi, ya mnada wa kanisa. Hata mbwa wa jirani yetu Duane ana wa kwake. Kitandani kwangu analala mama yako."

Ukilitazama vizuri, jambo lenyewe lilikuwa kweli. Arlys akasema kitambaa anachokitaka bado hajakiona, ila akikiona atakijua, na kwa hiyo watazunguka kwenye maduka ya vitambaa ya vijijini, taratibu, bila kupita barabara kuu, mpaka akipate; na ule wa zamani Verlyn aupeleke kanisani kabla hawajaondoka. Verlyn akakubali upesi mno. Alikwisha kupiga hesabu zake. Angefuatana naye, akikosoe kila kitambaa mpaka mwanamke achoke, warudi mikono mitupu, na mfarishi wa mama urudi kitandani kimyakimya kama paka aliyetoka matembezini.

Wakaondoka na gari lao la Buick, vumbi la changarawe nyuma, mahindi kushoto, soya kulia. Verlyn aliendesha polepole kiasi kwamba trekta liliwapita, naye akamnyanyulia dereva wake kidole kimoja juu ya usukani, salamu ya kwao, kisha akarudi kuzisema vibaya safu za mahindi ya watu.

"Tazama hizi zilivyopinda. Huyu alipanda huku anapiga chafya."

"Tazama mbele, baba."

Duka la kwanza lilikuwa Elm Fork, ndani ya jengo lililowahi kuwa benki, na vitambaa vya bei kali vilikaa kwenye chumba cha chuma kilichokuwa cha fedha. Mlangoni palikuwa na benchi la waume. Kila duka la aina hiyo lina benchi la waume, na wanaokaa pale wana sura moja, sura ya watu wanaongoja meno yao yang'olewe. Verlyn hakukaa. Alimfuata mkewe mpaka ndani, mikono nyuma, kama mkaguzi wa afya.

Hata nusu saa haikupita, Arlys akasimama. Ndani ya chumba kile cha chuma alikuwa amevuta robota la kitambaa chekundu, chekundu kilichoiva, chenye majani madogo meusi. Alikipapasa tu kwa upande wa nyuma wa vidole, kama apimaye homa ya mtoto.

Verlyn akaona hatari. "Hicho?" akasema. "Kama ini la ng'ombe."

"Ini?"

"Ini bichi. Nitalalaje chini ya ini?"

Arlys akakitazama tena, akakirudisha rafuni, na mkono wake ukabaki pale juu yake kidogo. Verlyn aliuona ule mkono. Kitu kikamchoma kifuani, akajiambia ni soseji ya asubuhi.

Kuanzia hapo akapata moto. Katika duka lililokuwa kituo cha mafuta, kitambaa cha kijani akakiita ukungu wa mkate. Katika duka lililokuwa banda la kuku, cha njano akasema kina homa ya manjano. Cha buluu kilimkumbusha shangazi yake Gesina, na kwa nini hakusema. Chenye maua madogo kilimtia kizunguzungu, chenye maua makubwa kilimtia woga. Wenye maduka walianza kumtazama Arlys kwa huruma na kumkatia kipande kikubwa zaidi cha keki, kwa maana hakuna duka la vitambaa kule linalokosa keki.

"Mke wako anatafuta nini?" mzee mmoja kwenye benchi la waume alimuuliza, mtu mnene mwenye kofia ya kampuni ya mbegu.

"Kitambaa."

"Wote si wanatafuta kitambaa, bwana! Mimi nilidanganywa. Niliambiwa tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Lini?"

"Jumanne."

Kitu kimoja tu kilimshangaza Arlys safarini. Mumewe, ambaye hakuwahi kumfungulia hata mlango wa jokofu, ghafla alikuwa muungwana. Kila wafikapo nyumba ya wageni aliruka kutoka garini kabla halijatulia.

"Kaa, kaa, mama! Mizigo ni yangu."

"Nataka viatu tu, vipo kwenye buti."

"Nitakuletea! Vipi? Vya kahawia? Ukae hivyo hivyo!"

"Verlyn, unaumwa?"

"Mtu akimpenda mkewe anaumwa?"

Arlys akamshika paji la uso.

Jumamosi wakafika duka la mwisho, ghala kubwa jekundu nje ya mji wa Saint Odile, na Verlyn alikuwa anashangilia moyoni. Mkewe alikuwa ameanza kuchoka. Asubuhi ile alikuwa amesema, kwa sauti ndogo, "Labda sina bahati na huo mfarishi," naye Verlyn akajibu, "Basi, ndivyo mambo yalivyo," akaagiza sandwichi ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile ambayo nyama inauzidi mkate pande zote. Alikula yote. Hakuisikia ladha yake vizuri, na hilo lilimkera.

Kumbe Jumamosi ilikuwa siku ya kuonyesha. Wanawake wa pale walikuwa wamejaa ghalani, kila mmoja na alichokishona, na utaratibu wao haubadiliki: wawili wanapanda juu ya viti, wanaunyanyua mfarishi kwa pembe mbili, wote wanasema "Oooo," hata kama ni kituko, kisha unageuzwa waone upande wa nyuma, maana ufundi wa mtu uko nyuma, kisha mwenyewe anasimama kueleza habari zake. Mwenye duka, mama mmoja aitwaye LaVonne, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akamuuliza Arlys kama amekuja na chochote.

"Nina mto mdogo kwenye buti," Arlys akasema. "Lakini mume wangu ndiye mwenye buti siku hizi."

Verlyn wakati huo alikuwa benchini, anahangaika na pai ya cheri, na funguo zilikuwa pembeni yake. LaVonne akazichukua bila maneno mengi.

Alichokiona Verlyn baadaye, akiinua macho kutoka kwenye sahani, ni wanawake wawili juu ya viti, na katikati yao, wazi, mbele ya dirisha kubwa la ghala na jua lote la mchana, mama yake. Yaani mfarishi wa mama yake.

"Oooo," wakasema wanawake wote, kwa adabu.

"Ulikuwa chini ya chumvi!" LaVonne akatangaza. "Nani anauweka mfarishi chini ya chumvi? Wa nani huu?"

Arlys aligeuka polepole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha mumewe kuliko yote.

"Sanduku la misaada, Verlyn?" akauliza.

"Lilikuwa limejaa," akasema Verlyn.

"Simama, baba, utueleze!" wanawake wakapiga kelele. Ndio utaratibu, na utaratibu hauna huruma. Verlyn akasimama na uma mkononi. Akaona hapo alipofika hakuna pa kurudi, bora autetee mfarishi mpaka mwisho.

"Huu ni wa mama yangu," akaanza. "Ni mbaya, najua. Ni mzito. Lakini tumelala chini yake miaka arobaini na kitu, na hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Sogeeni mtazame! Mama alishona kitu cha kudumu. Tazameni hapa, hapa kwa mfano, hiki kipande..."

Katika miaka yote hiyo alikuwa ameuona mfarishi ule chumbani tu, taa ikiwa imezimwa au macho yakiwa yamefumbwa. Hakuwahi kuuona kwenye jua. Akasogea karibu, pua ikakaribia kugusa.

"Hili," akasema, "ni shati langu."

Akakielekezea kile kipande uma wake.

"Hili ni shati langu la drafti! Lilipotea mwaka wa mafuriko! Nilidhani ndugu yangu Harlan kaliiba! Sikusema naye kipupwe kizima!"

"Mama yako alifariki lini, mwanangu?" akauliza bibi mmoja wa mstari wa mbele.

"Miaka minne kabla ya mafuriko."

"Mwanamke hodari huyo," akasema bibi. "Anashona akiwa kaburini."

Wakacheka mpaka mmoja akashuka kwenye kiti. Verlyn hakucheka. Alikuwa anakwenda pembe hadi pembe. Hii ni suruali aliyovaa walipouza ng'ombe. Hii ni kofia yake ya kazini, imefumuliwa. Hili ni gauni la Arlys la samawati, sasa limechujuka kuwa kijivu, alilokuwa nalo mtoto wao wa pili alipozaliwa. Mishono ilikuwa midogo, sawasawa, kama punje za mchele zilizopangwa, na mishono ile aliijua. Aliiona kila siku, kwenye mapaja ya mkewe, kwenye mifarishi ya watu wengine.

"Uzi ulikatika," akasema.

"Ulikatika mwaka wa kwanza!" Arlys akalipuka, na kumbe hasira ilikuwepo, ilikuwa inajipanga tu. "Mama yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini alishona kama anayekimbia moto! Ukivuta mguu, unapasuka. Wewe ukienda shambani, mimi nashona. Kwanza nilinyamaza kwa sababu alikuwa hai, angeona aibu. Halafu akafa, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unalia. Halafu ukaanza kumwambia fundi bomba! 'Hakuna hata uzi mmoja!' Nyuzi zote zile ni zangu, Verlyn! Zote! Na sijapata hata asante ya kipande kimoja!"

"Oooo," wakasema wanawake, na safari hii haikuwa adabu.

Verlyn alisimama na uma wake. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa ameiba, amedanganya, na amevitukana vitambaa visivyo na hatia kaunti nzima nzima, ili asiachane na mfarishi wa mama, na kumbe kila usiku wa maisha yake alikuwa amefunikwa na mwanamke huyu aliyesimama hapa na mto mdogo mkononi.

"Asante," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akaona haitoshi. "Asante, Arlys. Kwa kila kipande."

"Kula pai yako," akasema Arlys, lakini alikuwa anajifuta macho kwa ule mto.

Hawakwenda nyumbani. Verlyn aligeuza gari, wakarudi njia ileile, duka baada ya duka, changarawe ileile, mahindi yaleyale yaliyopinda. Yule mzee mwenye kofia ya mbegu walimkuta kwenye benchi jingine.

"Daktari wa macho bado?" Verlyn akamuuliza.

"Bado, bwana. Na sasa kweli sioni vizuri."

Elm Fork, Verlyn aliingia mbele ya mkewe, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye chumba cha chuma, akaita kwa sauti iliyowageuza wateja wote, "Nipe ini! Lile ini lenye majani! Kata mpaka litoshe kitanda cha watu wawili!"

Msichana wa dukani akamtazama Arlys. "Anamaanisha chekundu," akasema Arlys. "Mkatie."

Wakiwa garini, kitambaa chekundu kimekaa kiti cha nyuma kama mgeni wa heshima, Arlys aliukunjua mfarishi mzee magotini na kuanza kuupekua kidole kwa kidole. Alitafuta muda mrefu. Mwishowe, pembeni kabisa, akapata kipande kimoja cha kahawia, cha suti ya Jumapili ya mkwewe, kilichoshikwa na mishono mirefu inayoyumba kama safu za yule aliyepanda huku anapiga chafya.

"Hiki ndicho cha mama yako," akasema. "Kimebaki hiki tu. Nitakiweka kwenye mpya."

Verlyn akapunguza mwendo. "Kweli?"

"Kweli. Upande wa miguu."

"Miguu ya nani?"

"Yako."

Verlyn akalifikiria jambo hilo kwa maili nzima, akiendesha polepole. Kisha akasema ni sawa, ila Arlys asiuvute mfarishi sana usiku.

"Ukiuvuta wewe," akasema Arlys, "utaushona mwenyewe."