Nyumba Iliyokwenda Kupinga

Mkunga mstaafu alikuwa uani akianua shuka pale nyumba yake ilipong'oa msingi, ikajikung'uta udongo na kushika njia ya kwenda ofisi za jiji. Alijua inakokwenda. Asubuhi hiyo kamati ya mipango miji ilikuwa inajadili ombi la mfanyabiashara mmoja, aliyetaka mtaa wao wa makazi ugeuzwe eneo la biashara ili ajenge jumba la maduka papo hapo alipokuwa anaishi mkunga.

"Ungeningoja nivae viatu basi!" alifoka.

Nyumba ikasimama, ikamfungulia mlango. Akavaa viatu, wakaendelea na safari.

Getini mlinzi aliipima nyumba kwa macho, akaielekeza kwenye maegesho, maana mlangoni isingepita. Ikachungulia kikao dirishani.

Mwenyekiti wa kamati alizaliwa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, mikononi mwa mkunga huyohuyo. Alipomwona aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kupinga."

"Karibuni sana. Jiji letu ni sikivu."

Afisa mipango akasoma mapendekezo matatu. La kwanza, jumba la maduka liruhusiwe. La pili, liruhusiwe ila lipandiwe maua mbele. La tatu, wajumbe wakanywe chai kwanza, kisha liruhusiwe. Hilo la tatu liliwagawa, wakavutana mpaka jasho likawatoka.

Zamu ya wapingaji ilipofika, nyumba ilifungua madirisha yake yote, ikatoa vilio vya watoto waliozaliwa humo, kimoja baada ya kingine. Mjumbe mmoja alitoa leso. Mwenyekiti alikitambua cha kwake, akakohoa.

Afisa mipango akanyoosha kidole.

"Mheshimiwa mwenyekiti, pingamizi la mama ni kwamba kiwanja kina nyumba ya kuishi. Nyumba ndiyo hiyo hapo nje. Kwa hiyo kiwanja ni kitupu."

Hapo hata watu wa chai walikubaliana na wenzao. Mkono wa mwenyekiti ulitangulia kwenda juu. Mkunga aliutazama mkono ule aliowahi kuufuta damu, na moyo ukamuuma hasa.

"Wewe ulikuja duniani umetanguliza matako," alimwambia. "Nikasema, atageuka tu."

"Ni kweli, mama," mwenyekiti alijibu kwa adabu, akaagiza maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema uende na nyumba.

Nje, mlinzi alimweleza kwa upole kwamba maegesho si eneo la makazi, na wajumbe walikuwa wanataka kutoa magari yao. Mkunga akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Haya, twende," alisema.

Nyumba ikainuka, ikangoja aiambie upande gani.