Wenza wa Majitu Mekundu

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kutafuta nyota zenye wenza, huanza kuchekacheka kama wamealikwa harusini. Wananiuliza kama nyota nazo huoana. Siku hizi siwajibu. Jitu jekundu ni nyota nzito iliyovimba karibu na kufa, na nyota nzito huishi mbio na kufa mapema. Wekundu wake ni mkali kiasi kwamba nyota ndogo ya buluu inayozungukana nalo humezwa na mwanga huo, usiione kabisa. Ili kumpata mwenza huyo unapiga picha kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho yetu, ambamo jitu jekundu karibu halina lolote la kuonyesha. Ukikuta doa linang'aa pale pale palipo na jitu, una haki ya kusema hapa wako wawili.

Una haki hiyo baada ya kusogeza. Hilo alinifundisha Shangazi. Hata galaksi ya jirani tunayoipiga picha iko mbali mno, nyota zake zimebanana kwenye picha, na doa la buluu laweza kuwa la nyota nyingine tu iliyo mbele au nyuma, isiyohusika kwa lolote. Kwa hiyo unaichukua ramani ya majitu yote, unaisukuma pembeni kwa makusudi, kisha unahesabu upya. Madoa utakayoyapata huko ni ya bahati tu, na idadi yake unaitoa kwenye hesabu yako. Wanafunzi tulikuwa tunamwigiza Shangazi akiuliza "Umesogeza?" kwa sauti ya mtu anayemuuliza mtoto kama amenawa mikono.

Shangazi ni dada yake baba. Baba alipofariki, alinichukua sijamaliza sekondari, akanisomesha, akanivuta kwenye idara yake. Orodha yake ya wenza, iliyompa jina duniani, ikawa shahada yangu ya uzamivu, kisha ajira yangu, na mezani hatukuwa na mazungumzo mengine. Sina mtu mwingine ambaye kwake nakwenda bila kubisha hodi. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa nacheza na nini.

Alipostaafu, idara iliamua kumtolea kitabu cha heshima, nami nikapewa sura inayohusu orodha. Nilikuwa ofisini kwangu, chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta, nikitengeneza mchoro mpya kwa picha za darubini mpya. Programu inataka uiambie usogeze ramani umbali gani. Nikaandika namba ile ile aliyoitumia Shangazi miaka yote, ila nikasahau sufuri moja. Ramani, badala ya kwenda mbali, ikasogea kidogo tu. Jibu lilipotoka nikadhani mashine imepagawa. Madoa ya bahati yalikuwa mengi kiasi kwamba yaliwameza wenza wetu walio wengi.

Nikairudisha sufuri, mambo yakakaa sawa. Nikaiondoa, yakavurugika. Ndipo nikaelewa. Majitu mekundu hayaishi muda wa kutosha kuhama kwao. Bado yamo kwenye vichaka vya nyota yalimozaliwa, na vichaka hivyo vimejaa nyota za buluu ambazo ni ndugu zao. Shangazi alikuwa anaisukuma ramani mbali hadi inatoka kichakani na kuangukia peupe, halafu anasema, mnaona, kwa bahati tu hupati kitu. Ni sawa na kutaka kujua kama wawili waliosimama bega kwa bega sokoni ni mke na mume, kisha uende kupima msongamano kwenye uwanja wa mpira siku isiyo na mechi.

Nilimwonea huruma. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Njia nzima kwenda kwake nilikuwa natafuta maneno laini, nikijiambia nitasema kosa ni la picha za zamani, nitasema hata mimi sikuliona, nitamshika mkono.

Nilimkuta sebuleni, amekunja miguu kwenye kochi lake, anashona kifungo cha gauni atakalovaa siku ya kitabu. Nikaketi. Nikaanza mbali, nikazungukazunguka, mwisho nikasema, "Shangazi, nimejaribu kusogeza ramani tofauti na ulivyozoea."

Hakuinua uso. "Umesogeza kiasi gani?"

"Kidogo. Ndani ya kichaka hicho hicho."

"Wamebaki wangapi?"

"Kama mmoja katika kila wanne."

Akakata uzi kwa meno. "Mimi nilipata mmoja katika kila watano. Lakini picha zako ni nzuri zaidi."

Nilimwangalia mikono yake. Ilikuwa inachomeka sindano kwenye kibunda cha uzi. Niliona aibu kwa yale maneno laini niliyokuja nayo, nikayameza.

"Lini, Shangazi?"

"Mwaka ule ulioanza uzamivu."

"Ukaniacha niandike? Miaka yote ile nikesha na orodha unayojua ni mbovu?"

"Ulikuwa umeshaanza, mwanangu. Pesa za utafiti zilikuwa zimeshaingia. Wafadhili walitaka orodha ya wenza, hawakutaka orodha ya samahani. Ningesema ukweli, idara ingefunga mlango, na wewe ungeenda wapi? Ningekulisha nini?"

"Ungeniuliza."

"Nani anamuuliza mtoto kama ale au asile?"

"Sikuwa mtoto."

"Kwangu ulikuwa." Akalikunjua gauni mapajani, akalitazama kifungo kimekaaje. "Subiri sherehe ipite. Halafu tutaandika wote wawili, polepole, kwamba picha mpya zimetuonyesha jambo jipya. Hakuna atakayeumia."

Kama angelia, ningesubiri. Najijua. Kama angesema tu nisamehe, ningeufukia ukweli ule mpaka azikwe nao. Lakini alizungumza kama mtu anayenipangia ratiba, na hasira ikanipanda hadi masikio yakawaka moto. Nilimwambia alikuwa na miaka tele ya kuandika polepole. Nikaondoka bila kunywa hata maji.

Wiki ile ile nilipeleka makala kwenye jarida, kwa jina langu peke yangu. Niliandika bila kupepesa kwamba orodha imekosewa na shahada yangu imo humo humo. Sikuandika kwamba alijua. Sijui kwa nini. Labda nilitaka alitamke mwenyewe. Shangazi aliacha kupokea simu zangu. Nilikwenda kwake mara kadhaa nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na redio inaongea.

Mkuu wetu wa idara tunamwita Pasi, kwa sababu hakuna mkunjo asioweza kuunyoosha. Aliniita ofisini, akanisifu kwanza, nikajua nimekwisha. Mkataba wangu, alisema, ulifungamana na ule mradi wa orodha, na orodha sasa, kama nilivyoonyesha kwa umahiri mkubwa, haipo. Alinipa mkono kwa mikono yake miwili. Nilimuuliza kama sherehe imefutwa, akashangaa. "Ifutwe kwa nini? Sasa ndiyo ina maana zaidi."

Nilikwenda. Nilitaka kusikia watasema nini, na nilitaka kumwona. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki hadi mlangoni. Shangazi alikaa mbele na gauni lake, kichwa juu. Pasi akasimama, akaeleza kosa lote kwa sauti ya upole, akaliita kosa lililozisumbua akili kubwa. Halafu akapaza sauti. Ni mwalimu wa aina gani, aliuliza, anayemlea mtoto akawa na ujasiri wa kumsahihisha yeye mwenyewe? Huyu hapa. Kuna watu huacha majengo, huyu ametuachia uaminifu.

Watu wakasimama wote. Makofi yalidumu, wengine wakifuta machozi. Nilingoja Shangazi ainue mkono aseme hapana, mimi nilijua. Aliinamisha kichwa kidogo na kuyapokea. Pasi akanivuta kutoka kwenye safu yangu, akanipeleka mbele, akaniweka ubavuni kwa Shangazi, nami nikawa mtu asiye na kazi, nimesimama pale kama ushahidi wa wema wa mtu mwingine.

Shangazi alinishika kiuno. Kwa miezi hakuwa amenigusa, na mwili wangu, mjinga, ukamwegemea. Akaleta mdomo karibu na sikio langu. Nilidhani sasa atalisema, walau kwangu, walau kwa kunong'ona.

"Tabasamu," aliniambia. "Wanatupiga picha."

Nikatabasamu.