Mstari wa Themanini na Nane

Kila asubuhi nikifika kazini nawasha kompyuta, naiagiza ijenge programu yetu upya, kisha naenda kuosha vikombe viwili, changu na cha Fundi Mkuu. Nikirudi huwa imemaliza. Leo nilikuwa bado nina povu mikononi simu ya mezani ilipolia.

Alikuwa muuguzi wa zahanati tunayoihudumia.

"Mwanangu, skrini yenu inasema friji ya chanjo ina nyuzi kumi. Jana ilikuwa tano. Nikiigusa naona baridi ni ile ile, lakini mkono si kipimo. Ikizidi nane dawa zinaharibika, na akina mama wameshapanga foleni na watoto. Nichanje au nitupe?"

"Subiri kidogo, mama."

"Kidogo ya nani?" akasema, akakata simu.

Fundi Mkuu, ambaye jana alihamishia programu kwenye mashine mpya, alinisikiliza nikimweleza, akavuta kiti chake. "Bi Kimya," aliniita kwa jina alilonipa mwenyewe, "kile kifurushi cha lugha ya Rust kinachogeuza namba za kihisio kuwa nyuzi joto, pakua msimbo wake. Toleo 1.4.2, ndilo tunalotumia. Mimi nausoma huku kwangu, kwenye mashine mpya."

Nikapakua, nikafungua.

"Mstari wa themanini na nane. Umeona?"

Niliona: gawanya kwa kumi na sita.

"Nimeona."

"Si ndio huo unaotuharibia!"

Nikageuza kichwa. Karatasi ya maelezo ya kihisio, tuliyoibandika ukutani, inasema gawanya kwa kumi na sita.

"Umeona au umeduwaa?"

"Nimeona, kaka."

"Basi rekebisha, mdogo wangu, watoto wanasubiri."

Nirekebishe nini? Nikifuta kumi na sita, niweke ngapi? Nilihesabu mistari kwa kidole juu ya kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikapakua mara ya pili: kumi na sita. Nilianza kudhani hesabu zote za chuoni zimenitoka kichwani, na kwamba kila mtu duniani anajua kwa nini kumi na sita ni kosa isipokuwa mimi.

Simu ikalia tena. Fundi Mkuu akaiweka kwenye spika. "Dakika mbili, mama."

"Dakika zenu ndefu kama shingo ya twiga!"

Kwa kukosa la kufanya, nilifungua faili ambamo mashine mpya huandika toleo ililochukua hasa. 1.5.0. Nikaisoma tena. Sisi tuliandika 1.4.2 bila alama ya usawa (=) mbele yake, na kwa Rust hiyo ni kusema: hili, au jipya zaidi linalopatana nalo. Nikapakua 1.5.0. Mstari wa themanini na nane: gawanya kwa nane. Tano inakuwa kumi.

Kumbe muda wote yeye alikuwa anasoma huu, mimi nasoma ule.

Ilibaki kusema tu.

"Kaka."

"Umemaliza?"

"Sijaanza." Nikaisogelea simu ili na muuguzi asikie. "Niliposema nimeona, sikuwa naona unachokiona wewe. Niliona aibu kuuliza. Mama, usitupe kitu. Friji yako ni nzima, ni tano ile ile. Sisi ndio tuliochukua toleo lisilo letu."