Mke Wangu Huota kwa Lugha Gani

Mimi ni fundi cherehani, na chuo kikuu chetu nakijua kwa mabega: nusu ya majoho yake yamepita mikononi mwangu. Kina sifa mpaka ng'ambo, hasa kwa utafiti wa usingizi, na watu wake wanajua kujisikia. Walikianzisha walimu wawili, mmoja akishikilia lugha yetu, mwingine lugha ya kigeni. Walivutana weee, mwisho wakapatana jambo moja linalofuatwa hadi leo: anayetahiniwa shahada ya uzamivu, akiulizwa kwa lugha moja, lazima ajibu kwa nyingine. Aliyekariri tu anaumbuka palepale.

Safari hii anayetahiniwa alikuwa mke wangu. Alitafiti ndoto za watu wenye lugha mbili, na miaka yote hiyo alikuwa akiongea usingizini kwa kigeni, lugha ambayo mimi hata maji ya kunywa siwezi kuomba. Nililala macho nikimsikiliza akicheka na watu nisiowajua. Niliona wivu, sifichi. Nilijiambia, mke ndiye huyo anakwenda. Akishapata shahada yake, mimi na cherehani yangu tutabaki kumsikia kwa watu.

Ukumbini mapazia marefu yalikuwa yakijaa upepo na kunywea taratibu, na mwanga wa asubuhi ulitambaa sakafuni bila haraka. Nilikaa nyuma kabisa. Maswali yalikuja kwa lugha yetu, yeye akajibu kwa kigeni, na sauti yake ikanibembeleza hadi nikawa katikati ya kulala na kuamka. Nilizindushwa na kicheko. Mtahini mgeni, mama wa miwani minene, alikuwa ameuliza kitu kwa kigeni, na mke wangu alikuwa ananitazama mimi.

"Kaulizwa nini?" nilimnong'oneza mwanafunzi aliyekaa kando yangu.

"Eti yeye mwenyewe huota kwa lugha gani."

Sasa ilimlazimu ajibu kwa lugha yetu, nami nisikie kila neno. Nilitamani kutoka.

"Mama, tunakusubiri," mwenyekiti wa watahini alimwambia mke wangu kwa upole.

Naye akashika ukingo wa meza. "Naota kwa kigeni."

Moyo ukanishuka.

"Karibu kila siku namwota mume wangu," aliendelea. "Anakiongea kigeni kama amezaliwa nacho, tena ana maneno huyo! Mimi ndiye ninayebabaika. Nataka kumjibu, sipati neno, basi nabaki kucheka tu. Halafu naamka nikiwa na hamu naye, na mwenyewe kalala hapohapo ubavuni, kanipa mgongo."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, machozi yakinitoka mtu mzima. Wale wote niliokuwa nikiwaonea wivu, kumbe ni mimi.