Sabufa Isiyo na Ukoo

Mjukuu wangu wa kike alimenya nyaya miaka mitatu kwenye karakana ya Chapa. Mtu akimenya nyaya miaka mitatu, hata kiazi akikishika anatafuta shaba ndani yake.

Chapa ana jina alilopewa na wazazi wake, ila sisi tumeshalisahau. Anafunga redio na spika kwenye magari, na kwake kitu kisicho na jina kubwa si kitu. Ukimkaribisha chai, kabla hujamimina anakipindua kikombe aone kitako chake kimeandikwa nini. Karakana yake ina meza mbili za kazi. Moja ni yake. Ya pili ilibaki wazi fundi wake alipohama, na mjukuu wangu aliitaka meza ile mpaka akawa anaiota. Pale, mwenye meza ndiye fundi. Asiye na meza anaitwa "wewe, hebu leta".

Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana nikawakuta wanabishana.

"Boksi la sabufa naweza kulitengeneza mwenyewe," mjukuu wangu alikuwa akisema. "Nipe meza uone."

"Kwa spika gani? Hizo unazozitazama dukani, hata mama wa aliyezitengeneza hazijui?" Chapa akaniona. "Bibi, shikamoo. Mwambie mjukuu wako, spika ni ukoo. Isiyo na ukoo haiposwi."

"Marahaba. Mimi niliposwa bila kuulizwa ukoo," nikamwambia, "na nililia kwa sauti nzuri tu."

Akacheka. Akicheka, Chapa hulegea, na akilegea huahidi. Alisema Jumamosi mama mkwe wake analeta gari lake dogo la bluu afungiwe sabufa. Yeye Chapa atatengeneza boksi kwa spika yenye jina, mjukuu wangu atengeneze lake kwa spika yoyote anayotaka. Yote mawili yatajaribiwa kwenye buti lile lile, na mama mkwe ndiye atakayechagua.

"Akichagua lako, meza yako. Akichagua langu, unamenya nyaya mwaka mzima na sitaki kusikia neno meza, hata meza ya chakula."

"Nimekubali," akasema mjukuu wangu, na mimi nikashuhudia na sufuria langu mkononi.

Dukani alinichukua nimsindikize. Muuzaji alitutolea spika tatu za inchi kumi na mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziulizia, zimekaa mpaka maboksi yamefifia rangi. Moja ilikuwa na jina lenye herufi nyingi na irabu mbili tu. Muuzaji alilisoma kivyake, mjukuu wangu kivyake, na mimi sikujaribu, meno yangu bado nayahitaji. Lakini mtoto hakutazama jina. Alizipima kwa mikono, moja moja, akabonyeza kwa vidole karatasi ya mbele aone inarudi vipi, kisha akakaa chini kwenye sakafu ya duka kusoma kile kijikaratasi cha tarakimu. Aliyoichagua ilikuwa na sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Nilibeba mimi mpaka nyumbani, bega likanikumbusha kwa siku mbili.

Kazi tuliifanyia sebuleni. Viti tulivisukuma ukutani, mbao zikalala juu ya mkeka. Kijikaratasi kilisema spika ile inataka boksi lililozibwa kila upande, ndani liwe na lita arobaini na tano. Mjukuu wangu akapiga hesabu, akakata, akapaka gundi, akafunga skrubu. Alipomaliza akaniambia, "Arobaini na tano kamili, Bibi."

"Tumepima?"

"Nimepiga hesabu."

"Sawa. Sasa tupime."

Shule mimi niliishia darasa la tatu, kuzidisha ndiyo kwanza kulikuwa kunaanza kunizoea. Lakini lita naijua. Nikaleta gunia la maharage na kopo langu la lita moja, tukaanza kumimina kupitia tundu la spika. Mimi nachota, yeye anahesabu. Tulipofika thelathini na mbili, maharage yakaanza kumwagika juu.

Alilitazama boksi kama limemtukana. Akachukua futi, akapima tena, akashika kichwa. Alikuwa amepima kwa nje. Unene wa mbao, pande zote sita, alikuwa ameuhesabu kama hewa.

"Spika imenyimwa chumba," nikasema.

"Bibi, usinicheke."

"Sicheki. Babu yako aliwahi kunijengea jiko nikashindwa kugeuka ndani yake. Nilikuwa naingia mbele, natoka kinyumenyume. Bomoa taratibu, gundi haijakauka."

Alibomoa, akakata mbao nyingine za ubavuni zenye kina zaidi, akaunga upya. Kila kiungo alikipaka silikoni kwa ndani na kidole chake, akarudia, akamulika kwa tochi kama daktari wa meno. Tukamimina tena. Arobaini na tano, na punje chache juu. Maharage yale tuliyala siku mbili yakiwa na unga wa mbao, na hakuna aliyelalamika. Mmoja hakuthubutu, na mwingine ndiye aliyeyapika.

Ijumaa asubuhi Chapa akasikia kwamba namshonea mjukuu wangu zulia jeusi la kufunika boksi. Akaniletea na lake.

"Bibi yangu kipenzi, na langu lifunike. Kitu cha dakika tu."

"Nifunike lote?"

"Lote, bibi, lipendeze."

Spika yake ilikuwa na wavu mbele, na katikati ya wavu nembo ya chuma inang'aa kama jino la dhahabu. Yetu nayo ilikuwa na wavu. Nikayapima maboksi: yalilingana kwa urefu na upana, maana buti ni moja na nafasi ni moja. Zulia lilikuwa moja. Gundi moja. Na mtu mzima mwenye akili zake ameniambia nifunike lote. Nikafunika lote kwa zulia, na mbele, wavu na nembo pamoja, kwa kitambaa kimoja chepesi cheusi. Yalipokauka niliyaweka kando kwa kando. Mapacha.

Mjukuu wangu alipoyaona aliyapapasa mbele. "Bibi. Nembo yake iko wapi?"

"Alisema lote."

"Ataniambia nimemfanyia hila."

"Wewe umefanya nini? Wewe hukuwepo."

Jumamosi mama mkwe alifika mapema. Ni mkunga mstaafu, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamuru watu wasukume. Chapa mbele yake huwa mdogo. Mikono nyuma, kichwa chini, "ndiyo mama, sawa mama", kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, muziki mzito utakusumbua masikio," alimwambia.

"Masikio niliyaacha wodini pamoja na vilio vya vichanga. Nataka la kusikia kwa mgongo. Funga."

Chapa akayageukia maboksi mawili. Akatazama hili, akatazama lile. Akanisogelea akanong'ona, "Bibi, langu lipi?"

"Wewe ndiye mjuzi wa ukoo, mwanangu."

Hakutaka kuonekana hajui, mama mkwe anatazama. Akaliinua la kwanza, akalishusha. Akaliinua la pili, likamvuta mgongo. Uso ukamng'aa. "Hili hapa. Kitu chenye jina hukijui kwa uzito?" Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye buti, akalikumbatia njia nzima.

Mjukuu wangu alinifinya mkono. Alama ilibaki mpaka Jumatatu.

Mkunga akaketi kiti cha nyuma, mgongo ameuegemeza vizuri. Wimbo ukaanza. Kwanza kioo cha gari kilitetemeka, kisha kopo la misumari juu ya meza likaanza kutembea lenyewe. Ule mlio haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa mviringo, unaingia mbavuni bila kubisha hodi na kukaa. Mkunga akafumba macho. Wimbo ulipoisha alisema, "Tena." Akausikiliza wote tena.

"Unasikia, mama?" Chapa alimwambia kwa upole, lakini macho yapo kwa mjukuu wangu. "Ndiyo tofauti ya jina."

Wakatoa, wakaweka la pili. Wimbo ule ule. Mkunga akafungua jicho moja. "Hili lina mafua."

Kweli lilikuwa na mafua. Kila besi ikipiga, hewa ilitoka mahali fulani, fyuu, fyuu, na mlio ukafika umechoka.

"Mama, usijali, hilo ni la mtu wa mazoezi," Chapa akasema, na hapo ulimi ukamponyoka. "Aliyelitengeneza bado anajifunza. Kazi ya pupa, viungo vimepita upande, spika yenyewe ya jalalani. Mtu kama huyu umpe meza afanyie nini? Akatie vitunguu?"

Mimi nilikuwa na wembe wangu wa kushonea. Nikainama kwenye buti, nikachana kile kitambaa katikati, kidogo tu, upana wa viganja viwili. Nembo ikachungulia.

Chapa aliitazama. Jasho likaanza kwenye pua.

"Wamebadilisha nembo," akasema. "Bibi huyu ndiye kashona, kabadilisha."

"Jina si lipo hata kwenye sumaku?" mkunga akauliza kutoka kiti cha nyuma. "Fungua."

"Mama, skrubu ni nyingi."

"Nimetoa mapacha waliokaa vibaya. Fungua, baba."

Mkwe hakatai. Akabandua kitambaa na wavu, akafungua skrubu nane, moja moja, akaitoa spika na kuigeuza. Jina lile kubwa lilikuwa pale nyuma ya sumaku, kwa herufi nyeupe. Akalisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea.

"Basi nachukua lile la kwanza," mkunga akasema. "La yule anayejifunza."

Mimi nilishaanza kukunja zulia langu, kazi imekwisha. Lakini mjukuu wangu alikuwa ameingiza mkono ndani ya boksi la Chapa, anapapasa kona kwa kidole.

"Subiri, mama," akamwambia mkunga. "Hii si haki. Spika yake nzima. Hakutia silikoni hata kiungo kimoja, hewa inatoka. Niachie saa moja tu nilizibe, kisha usikilize tena uchague."

Nilimtazama nikataka kumfinya na mimi. Mtu ana meza mkononi anairudisha mezani.

"Na nikichagua hili?" mkunga akauliza.

"Nitakuwa nimeshindwa kwa haki."

Alilibeba boksi. Meza ya Chapa ilikuwa imejaa, hivyo akaliweka juu ya ile iliyo wazi. Akaziba, akasubiri likauke, akafunga spika, akakaza skrubu kwa mshazari kama inavyotakiwa. Saa moja ikawa mbili. Mkunga alilala garini. Nikamwamsha, akasikiliza, na mara hii hakukuwa na mafua. Ilikuwa nzuri. Chapa akanyoosha shingo.

"Nzuri," mkunga akasema. "Zote nzuri sasa. Na zote kazitengeneza huyu binti. Nirudishieni ile ya kwanza, mgongo umeshaizoea."

Akaondoka, na tulimsikia mpaka kona ya tatu.

Chapa alizunguka karakana mara mbili, anapanga vitu vilivyokwisha pangwa. Mjukuu wangu hakusogea kwenye ile meza. Alikuwa anafuta silikoni juu yake kwa kitambaa, na hakuna aliyemwambia aondoke. Mwishowe Chapa akanijia.

"Bibi, lile duka mlikonunua. Spika kama ile zimebaki ngapi?"

"Mimi mtu wa nguo. Muulize fundi."

Akakohoa. Akavuta suruali. Akasogea mpaka mezani, mikono nyuma.

"Fundi," akasema.

Mjukuu wangu hakuinua kichwa. "Subiri nimalize hapa," akamwambia. "Wewe, hebu leta taa."